Kona ya Mwalimu: Anayesali na asiyesali, nani ana msimamo zaidi?

 

Mwezi huu sanduku letu la maswali lilikuwa na karatasi saba. Sita zilihusu mitihani na fomu, hizo nitazijibu darasani. Ya saba imeandikwa na mama mmoja ambaye hakuweka jina, na hata kama ningemjua nisingemtaja. Anasema hivi kwa kifupi:

"Mwalimu, nimepewa rufaa ya kwenda hospitali ya mjini na mtoto mchanga, siku tatu au nne. Wakubwa wawili siwezi kwenda nao. Jirani yangu, baba mmoja na mke wake, wamekubali kukaa nao. Ni watu wazuri, hatujawahi kugombana. Lakini yule baba hasali popote, na anasema wazi kwamba Mungu hayupo. Wenzangu wa kikundi cha maombi wananiambia nisithubutu, eti mtu asiyemwogopa Mungu hana kitu cha kumzuia. Je, ni kweli?"

Ndugu zangu, hili si swali la mama mmoja. Hapa kambini tunaliuliza kila siku. Tukichagua mtunza sanduku la akiba tunauliza, "Anasali wapi?" Tukichagua sungusungu, "Anasali wapi?" Kijana akija kuchumbia, kabla hata hajakaa, "Unasali wapi?" Kama vile jibu la hapo linatosha kutuambia mengine yote.

Nililipeleka swali hilo kwenye darasa la jioni la watu wazima, bila kusema limetoka wapi. Wee! Hatukusoma hesabu siku hiyo. Mzee mmoja alisimama akasema: "Mwanangu, mtu akijua kuna jicho linalomwona gizani, haibi. Asiyejua hivyo atamwogopa nani? Polisi? Polisi wako mbali." Watu wakapiga makofi. Halafu kijana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akajibu polepole: "Mzee, waliochoma kijiji chetu niliwajua. Wawili tulipata kipaimara pamoja." Hakuna aliyepiga makofi. Darasa lote lilinyamaza.

Sasa mimi ni mtoto kwenu, sina elimu ya theolojia, nina kidato cha nne tu na vitabu vya kuazima. Lakini kazi ya mwalimu ni kutafuta mifano. Nimetafuta mifano ya kweli, ya watu waliojulikana, ili tupime. Someni taratibu.

Kwanza tuelewane maneno

Hapa kwetu tunamwita "mpagani" kila mtu asiyeonekana kanisani wala msikitini. Hilo ni kosa. Kuna anayesali nyumbani kimya. Kuna anayefuata mila za babu zake. Kuna aliyeacha kusali baada ya yale aliyoyaona njiani, amekasirika, na kumkasirikia Mungu si sawa na kusema hayupo. Na kuna yule ambaye kweli, baada ya kufikiri, anasema Mungu hayupo. Huyu wa mwisho ni wachache kwetu, lakini wapo. Mama anamwuliza huyu.

Na "msimamo" nina maana gani? Sina maana ya kusema kwa sauti kubwa. Nina maana ya jambo ambalo mtu halifanyi hata akilipwa, au analifanya hata akitishwa. Msimamo hauonekani siku ya amani. Unaonekana siku mtu anagonga mlango wako usiku, na ukimfungulia unaweza kufa wewe.

Kijiji kilichofungua milango

Mfano wa kwanza unatoka mbali, Ufaransa, lakini unatuhusu maana ni habari ya wakimbizi.

Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ya Hitler iliishinda Ufaransa. Wayahudi wakaanza kuwindwa, na serikali ya Ufaransa ya wakati ule ikasaidia kuwakamata. Milimani kusini mwa nchi kuna kijiji kinaitwa Le Chambon-sur-Lignon. Watu wake wengi walikuwa Waprotestanti, katika nchi ambayo wengi ni Wakatoliki. Mababu zao waliteswa na wafalme kwa sababu ya dini yao, kwa hiyo kila familia ilikuwa na hadithi ya babu aliyejificha au aliyekimbia. Walijua ukimbizi ni nini.

Mchungaji wao aliitwa André Trocmé. Mke wake, Magda, ndiye aliyefungua mlango wa jikoni mkimbizi wa kwanza wa Kiyahudi alipogonga, wakati wa baridi na theluji. Baada ya huyo wakaja wengine, na wengine. Wakulima wakawalaza ghalani, watoto wakaingizwa shuleni kwa majina mengine, watu wakatengeneza vitambulisho vya bandia. Agosti 1942 askari walikuja na mabasi wakimtaka mchungaji awape orodha ya Wayahudi. Akakataa. Walitafuta kwa majuma, wakaondoka karibu mikono mitupu. Mpaka vita inakwisha, kijiji kile na vijiji jirani vilikuwa vimewaficha maelfu ya watu, wengi wao watoto. Wengine walilipa kwa maisha yao. Daniel Trocmé, ndugu wa ukoo wa mchungaji, alikamatwa pamoja na vijana aliokuwa anawalea, akafia kambi ya mateso mwaka 1944. Daktari wa kijiji, Roger Le Forestier, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Lambaréné, Gabon, aliuawa mwaka huohuo.

Mtaniambia: umeona mwalimu? Waumini ndio wenye msimamo! Ngojeni kidogo.

Mwezi Februari 1943 mchungaji Trocmé alikamatwa pamoja na mchungaji mwenzake Édouard Theis na mwalimu mkuu wa shule. Wakapelekwa kambi ya wafungwa. Walimkuta nani humo? Wafungwa wengi walikuwa wakomunisti, watu ambao wengi wao hawakuamini Mungu hata kidogo. Walikuwa wamefungwa kwa sababu hiyohiyo: walikataa kuinamia serikali ile. Wachungaji na wakomunisti wakaishi pamoja, wakala supu ileile, wakabishana usiku. Kisha wachungaji wakaambiwa watatoka wakitia sahihi karatasi ya kuahidi utii kwa mkuu wa serikali. Wale wachungaji wawili wakakataa. Baadaye waliachiwa hivyohivyo bila kusaini.

Fikirini basi. Upande mmoja wa waya kuna muumini aliyekataa kwa sababu ya Mungu. Upande uleule wa waya kuna asiyeamini aliyekataa kwa sababu ya binadamu. Na upande mwingine wa waya, wenye funguo na bunduki, kulikuwa na watu wengi waliobatizwa.

Karibu na nyumbani

Sasa turudi kwenye maziwa yetu. Najua habari hizi zina uchungu kwa baadhi yenu, na humu kambini tuko wa kila upande. Nitasema kwa adabu, na sitataja kabila la mtu.

Rwanda ya mwaka 1994 ilikuwa moja ya nchi za Kikristo zaidi Afrika. Jumapili makanisa yalijaa. Mauaji yalipoanza Aprili, watu walikimbilia makanisani wakiamini hakuna atakayewagusa pale. Ntarama, Nyamata, Nyarubuye: waliuawa humohumo ndani. Nyange ilikuwa mbaya zaidi. Kanisa liliangushwa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na padri wa parokia alihukumiwa na mahakama ya kimataifa pale Arusha kwa kushiriki. Mwaka 2006 alipewa miaka 15, na mwaka 2008, kwenye rufaa, kifungo cha maisha.

Lakini sikilizeni na hili. Gisenyi, mpakani na Goma, alikuwepo mwanamke Mkatoliki aliyejitoa kwa kazi ya kanisa, Félicité Niyitegeka. Yeye mwenyewe hakuwa katika wale waliokuwa wanatafutwa. Aliwaficha watu na kuwasaidia kuvuka kuingia Zaire. Kaka yake alikuwa afisa mkubwa wa jeshi, akamtumia ujumbe aondoke, aokoe roho yake. Félicité alijibu kwa barua kwamba hawezi kuwaacha. Aliuawa pamoja nao tarehe 21 Aprili 1994.

Alikuwepo pia Kapteni Mbaye Diagne, Mwislamu kutoka Senegal, askari wa Umoja wa Mataifa asiye na bunduki. Alipita kwenye vizuizi vya barabarani kwa maneno, vicheko na sigara za kugawa, akiwavusha watu wachache wachache ndani ya gari lake. Aliuawa na bomu tarehe 31 Mei 1994. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake.

Na alikuwepo bibi mmoja wa kijijini huko Ruhango, Sula Karuhimbi. Huyu alijulikana kama mganga wa kienyeji, wengine walimwita mchawi. Ndiye ambaye wengi wetu tungemvusha mtoto barabara ili asimsalimie. Wauaji walipokuja, aliwatisha kwamba mizimu ya nyumba yake itawaangamiza wakiingia, na alitumia majani ya kuwasha ili waamini. Wakaogopa. Inasemwa zaidi ya watu 100 walipona kwake. Alifariki Desemba 2018.

Kanisa moja, Biblia moja, na bado mmoja anaua na mwingine anakufa kwa kuokoa. Tena mganga anaokoa kuliko padri. Basi jina la dini halikutosha kutuambia nani ni nani.

Asiyeamini naye je?

Vijana mmeanza kutabasamu, najua. Mnasema, dini ndiyo tatizo, tuachane nayo. Hapana. Tupime pande zote mbili.

Kambodia, nchi ya Asia, ilitawaliwa na Pol Pot na chama chake kuanzia 1975 hadi 1979. Hao walipiga marufuku dini. Mahekalu yakafungwa, watawa wakavuliwa mavazi na kupelekwa mashambani. Katika miaka ile minne isiyotimia, watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikufa kwa njaa, kazi ngumu na kuuawa. Hakuna Mungu aliyetajwa pale, na damu ilimwagika vilevile. Kwa hiyo kutoamini nako hakumsafishi mtu.

Halafu Afrika Kusini. Wakati wa ubaguzi wa rangi, kanisa kubwa la makaburu lilikuwa linatafuta mistari ya kuhalalisha ubaguzi. Mchungaji mmoja wa kanisa hilohilo, Beyers Naudé, alikataa. Mwaka 1963 aliacha mimbari yake, wenzake wakamtenga, na kuanzia 1977 hadi 1984 serikali ilimwekea amri asikutane na watu wala asinukuliwe. Upande wa mapambano hayohayo kulikuwa na Joe Slovo, mkomunisti aliyesema wazi kwamba haamini Mungu. Mke wake, Ruth First, aliuawa Maputo mwaka 1982 kwa bomu lililowekwa kwenye barua. Slovo hakurudi nyuma. Mwaka 1994 Mandela alimfanya waziri wa nyumba, akafa mwaka uliofuata.

Kama ungemwuliza Naudé kwa nini, angekutajia Injili. Kama ungemwuliza Slovo, angekutajia mfanyakazi asiye na haki. Njia mbili zimefika kijiji kimoja.

Kwa hiyo tatizo ni nini?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana nadhani swali letu lina mtego. Tunauliza nani ana msimamo mkali zaidi. Lakini jamani, wauaji nao walikuwa na msimamo mkali! Hakuna anayeamka saa kumi alfajiri, siku baada ya siku, kwenda kuua jirani bila kuamini kwamba anafanya kitu sahihi au kitu cha lazima. Ukali wa msimamo si dawa. Moto mkali unapika ugali, na moto huohuo unachoma hema.

La kuuliza ni hili: katika msimamo wa mtu huyu, nani anahesabiwa kuwa mtu? Mlango wake una upana gani? Kwa mwingine mlango unawatosha wa kanisa lake tu. Kwa mwingine, wa kabila lake tu. Kwa mwingine, wa chama chake tu. Magda Trocmé alifungua kwa mtu asiyemjua, wa dini nyingine, aliyesema lugha ya maadui. Bibi Sula hakuuliza mtu anasali wapi.

Mwaka 1997 pale Nyange, eneo lilelile la kanisa lililobomolewa, watu wenye silaha waliingia usiku katika shule ya sekondari. Ilikuwa tarehe 18 Machi. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge kwa makabila. Wanafunzi wakakataa, wakasema wao wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Walikuwa watoto wa umri wa wanafunzi wangu. Padri wa mahali pale alishindwa mtihani uliowashinda wakubwa wengi, na watoto waliufaulu. Mlango wao ulikuwa mpana.

Kitu cha pili ni kidogo, lakini kinatugusa wote. Mwaka 1973 huko Princeton, Marekani, watafiti wawili, Darley na Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa chuo cha uchungaji. Kila mmoja aliambiwa aende jengo jingine kutoa hotuba. Baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu ule mfano wa Msamaria mwema! Njiani waliwekewa mtu ameinama, anakohoa na kulalamika. Nani atasimama? Waliokuwa na muda, 63 kati ya kila 100 walisaidia. Waliokuwa wameambiwa wamechelewa, 10 tu kati ya kila 100. Kujua mfano wa Msamaria kwa kichwa hakukuwasaidia sana. Haraka ndiyo iliyowashinda. Tukumbuke hilo siku ya posho, tunapomruka bibi aliyeanguka kwenye foleni.

Kinachotoka nyumbani

Hiki ndicho nilichokipenda zaidi, na ndicho kinachowahusu wazazi.

Mwaka 1942 kulikuwa na mtoto wa Kiyahudi wa miaka 12 huko Poland, Samuel Oliner. Familia yake yote iliuawa. Alikimbia peke yake mpaka kwa mama mmoja mkulima Mkatoliki, Balwina Piecuch. Huyu mama alimficha, akampa jina la Kipolandi, akamfundisha sala za Kikatoliki ili asigundulike. Akapona. Alipokuwa mtu mzima akawa profesa Marekani, na swali moja halikumwachia: kwa nini yule mama alifungua, na wengine hawakufungua?

Yeye na mke wake Pearl waliwatafuta watu waliookoa Wayahudi, wakawahoji zaidi ya 400, na kuwalinganisha na majirani wao ambao hawakufanya kitu. Kitabu chao kilitoka mwaka 1988. Walitazama dini: tofauti ilikuwa ndogo sana. Waumini wengi waliokoa, waumini wengi walikaa kimya, na wasioamini vilevile. Walipotazama malezi, hapo tofauti ikaonekana. Waokoaji wengi walilelewa na wazazi waliowaeleza sababu, si fimbo tu. Mtoto akikosea aliambiwa: umemwumiza mwenzako, angalia anavyolia. Na nyumbani walisikia kwamba watu wa nje, wa dini nyingine, nao ni watu kama sisi.

Mama, baba, umeona hapo? Ile sentensi unayoisema ukisonga ugali, kuhusu wale wa mtaa wa pili, mtoto anaisikia. Ukisema "wale si watu", anaiweka akiba. Siku moja ataitoa.

Je, dini basi haina kazi?

Ina kazi kubwa, na sitaki mchungaji wala shehe anifuate nyumbani! Le Chambon isingeweza kuficha maelfu kama wangekuwa watu wamoja wamoja. Walikuwa na kanisa, walikuwa na wimbo mmoja, walijuana nyumba kwa nyumba. Imani iliwapa umoja na ujasiri wa pamoja. Hata hapa kwetu, nani aliyechimba kaburi wiki iliyopita? Nani anayempelekea uji mgonjwa asiye na ndugu? Mara nyingi ni watu wa kwaya, ni akina mama wa msikitini. Hilo tusilidharau.

Asiyeamini naye ana la kutufundisha. Akitenda wema, hangoji pepo na haogopi moto. Anatenda kwa sababu mwenzake ana njaa, basi. Sisi tunaosali tujiulize: kama jicho lile la gizani lisingekuwepo, tungebaki waaminifu? Ikiwa kinachotuzuia kuiba ni hofu tu, basi bado hatujafika.

Jibu langu kwa mama

Mama yangu, kwa heshima, nakujibu hivi. Waliokuambia kwamba asiyemwogopa Mungu hana kitu cha kumzuia, si kweli. Lakini pia usiseme, "kwa kuwa ni msema kweli asiye mnafiki, basi ni salama." Kutosali si ushahidi wa ubaya, wala si ushahidi wa wema. Weka pembeni swali la anasali wapi, uliza haya:

Amekaa vipi na watu wanyonge? Mke wake, watoto wake, mlemavu wa jirani, mbwa wake. Mtu anayempiga asiyeweza kurudisha, usimwachie mtoto, hata kama ni shemasi.

Akiazima kitu, hurudisha? Akiahidi kuja, huja? Siku ya shida ya mtaa, kama ile siku upepo ulipoangusha nyumba, alikuwa wapi?

Watoto wako wanasemaje? Waulize peke yao, taratibu. Mtoto akisita, msikilize. Usimkemee.

Anakubali watoto wako waendelee na sala zao? Mwambie wazi: hawa wanasali jioni, na Jumapili wanakwenda na shangazi. Jibu lake litakuonyesha upana wa mlango wake.

Halafu hata akifaulu yote, usiweke mzigo wote kwa mtu mmoja. Ninyi mko kwenye vikundi vya akiba, mnajua sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu. Si kwa sababu tunawaita wezi. Hata mchungaji akiwa mwanachama, hatumpi funguo zote tatu. Na mtoto ni zaidi ya sanduku. Mwambie na jirani wa pili apite asubuhi na jioni. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa na mtu wa ulinzi wa watoto kwamba utakuwa mbali siku hizo, na watoto wako wapi. Waambie watoto wamkimbilie nani wakiogopa. Ufanye hivyohivyo hata ungemwachia mwinjilisti.

Ukiona yote yako sawa, nenda hospitali kwa amani, mama. Mtoto mchanga anakungoja.

Na wenzako wa kikundi cha maombi, nawaomba kitu kimoja. Wana wasiwasi na watoto? Vizuri sana. Basi wapange zamu, kila siku mmoja apite kwa yule jirani na sahani ya maharage, asalimie, awaone watoto. Hiyo nayo ni ibada, na huenda yule baba na wao wakajuana vizuri zaidi kuliko sasa.

Ya kuzungumza nyumbani mwezi huu

Wazazi, jioni moja kabla taa haijazimika, waulizeni watoto maswali haya, na muwaache wajibu wenyewe:

1. Nani aliwahi kukusaidia na hakuwa wa dini yetu wala wa kwetu?
2. Ni jambo gani ambalo hutalifanya hata rafiki zako wote wakilifanya?
3. Mtu asiyemjua mama wala baba akigonga usiku akilia, tufanye nini?

Swali la kwanza, nawashauri wazazi wajibu wao kwanza. Safari zetu za kuja huku zilikuwa ndefu, na kila mmoja wetu alipewa maji na mtu fulani njiani. Watoto wengi hawajawahi kusikia habari za mtu huyo.

Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza kuhusu deni: je, ni halali kumdai mjane ambaye mumewe alikufa na deni lako? Leteni maoni kwenye sanduku mapema. Kuandika kwa lugha yoyote ya nyumbani kunaruhusiwa, tutatafsiri. Asiyejua kuandika aje darasa la jioni, atapata wa kumwandikia, na akipenda, atabaki ajifunze.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la jioni.